Kuzalisha iris Lubumbashi: ijue rangi kabla ya kupanda mbegu

Ukichukua iris ya zambarau ukaichavusha kwa iris nyeupe yenye ukingo wa nukta nukta, kuna uwezekano mkubwa miche yote itachanua zambarau tupu. Mtu aliyesubiri miaka miwili au mitatu akakuta zambarau ileile aliyoanza nayo huona amepoteza wakati. Anang'oa kitalu chote na kupanda lengalenga (mchicha). Hapo ndipo hasara inapoingia, maana ile miche ya zambarau imebeba zile nukta ndani yake, na kizazi kimoja tu mbele zingejitokeza.

Mwongozo huu ni wa mwenye lupango (kiwanja cha nyumbani) la kawaida, awe Katuba, Kampemba, Bel-Air au Golf, anayetaka kuzalisha iris zake mwenyewe na kujua mapema rangi gani inaweza kutoka, ipi haitatoka kamwe, na ardhi kiasi gani aitenge. Ninaongelea iris ndefu zenye ndevu, zile ambazo petali tatu husimama, tatu huinama, na kila iliyoinama ina mstari wa manyoya mgongoni. Shina lake hutambaa juu ya udongo kama tangawizi. Hapa nitaliita tunguu.

Mmea na hali ya hewa yetu

Iris si mmea wa kwetu. Kusini mwa Sahara hakuna hata aina moja ya asili; kwenye miombo yetu kuna jamaa zake, Moraea na gladiolus. Kwa hiyo usidhani kila iris uliyoiona kwenye picha itachanua hapa. Nyingi za iris ndefu huhitaji wiki kadhaa za baridi kabla ya kutoa shina la maua. Lubumbashi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ina bahati kidogo: usiku wa mwezi wa sita na wa saba huwa wa baridi kweli, na kiangazi chetu kikavu huyapa matunguu mapumziko wanayoyapenda. Lakini baridi hiyo haitoshi kila aina.

Ushauri wangu ni mfupi: anza na iris ambayo tayari inachanua kwako au kwa jirani. Usinunue mzazi kwa picha. Aina ambazo huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa kawaida hazidai baridi nyingi, ndizo za kutafuta kwanza. Ukiiona kwenye ua wa mtu, bisha hodi kwa adabu: "Mama, naomba chavua ya ua moja tu, tunguu siligusi." Sijaona mtu akikataa ombi la namna hiyo, na chavua ya ua moja inatosha kuchavusha maua kadhaa.

Udongo wetu mwekundu hushika maji mno wakati wa mvua, na tunguu lililolala kwenye maji huoza likatoa harufu kali. Inua tuta sentimita 20 au zaidi, na uache mgongo wa tunguu uonekane juu ya ardhi. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa sababu huwa na chokaa zaidi kuliko udongo unaokizunguka, ila una mfinyanzi mwingi. Uchanganye na mchanga. Kama kiwanja chako kiko upande ambao moshi wa tanuru za kuyeyushia shaba ulikuwa ukipelekwa na upepo kwa miaka mingi, usihangaike na tuta: panda kwenye ndoo au mifuko yenye udongo uliotoka mahali pengine. Shaba nyingi hudumaza mizizi.

Asiyepata iris kabisa anaweza kujifunzia kazi hii kwenye gladiolus. Nyingi za bustani, sawa na iris ndefu, zina seti nne za kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi), na mmoja wa wazee wao, Gladiolus dalenii, humea porini huku kwetu Katanga. Namna ya kuhesabu haibadiliki, ila majina ya jeni (vipande vya urithi vinavyoamua sifa kama rangi) na rangi zenyewe si zilezile.

Hatua ya kwanza: tenganisha rangi mbili zilizomo kwenye ua moja

Macho yanaona rangi moja, lakini ua la iris hupakwa na vyanzo viwili ambavyo havitegemeani.

Chanzo cha kwanza ni antosianini. Hii huyeyuka katika maji yaliyomo ndani ya seli za petali, na katika iris ni ya kundi la delfinidini, hivyo hutoa buluu, urujuani na zambarau mpaka ile inayokaribia weusi. Chanzo cha pili ni karotini, ambayo haiyeyuki kwenye maji. Hukaa katika punje ndogo ndani ya seli na kutoa manjano. Mahali ambapo manjano hugeuka waridi au chungwa, kazi ni ya likopeni, kitu kilekile kinachoipa nyanya wekundu wake.

Kila rangi nyingine ni mchanganyiko. Zambarau juu ya manjano macho huiona kahawia, au nyekundu ya divai na ya matofali. Nyeupe maana yake manjano haipo na zambarau haipo au imezuiwa, na hiyo tofauti kati ya "haipo" na "imezuiwa" itatusumbua baadaye kidogo.

Kuna jaribio la jikoni. Chukua petali moja ya ua linaloanza kunyauka, ikate vipande, imwagie maji ya moto kwenye kikombe cheupe na usubiri. Antosianini itatoka na kuyatia maji rangi. Karotini itabaki kwenye petali. Petali ya kahawia ikiachia maji ya zambarau na yenyewe ikabaki ya manjano, umekwisha kuona kwa macho yako kwamba lile ua lilikuwa na rangi mbili. Liandike hivyo kwenye daftari: si "kahawia" bali "zambarau ndiyo, manjano ndiyo". Ukiandika kwa njia hii tangu mwanzo, nusu ya mkanganyiko wa rangi unakwisha.

Hapa pia ndipo swali la iris nyekundu linapojibiwa. Nyekundu safi ya gladiolus au jeraniamu hutoka kwa pelargonidini, na iris haitengenezi pelargonidini. Watu wamejaribu kuchagua na kuchanganya kwa zaidi ya miaka mia. Walichopata ni kahawia nyekundu, divai, chungwa kali na waridi iliyokolea. Mtu akikuuzia tunguu kwa picha ya iris nyekundu ya moto, amekuuzia picha.

Hatua ya pili: hesabu kwa nne

Waliosoma sekondari wanakumbuka njegere za Mendel, zilizochapishwa 1866: kila mmea una nakala mbili za kila jeni, jeni inayotawala hufunika inayojificha, na katika kizazi cha pili mmoja kati ya wanne huonyesha kilichokuwa kimejificha. Iris za zamani za Ulaya, zilizotokana na Iris pallida na Iris variegata, zilifuata hesabu hiyo kwa sababu zilikuwa na kromosomu 24, seti mbili. Mwishoni mwa karne ya 19 watu kama Michael Foster wa Cambridge walianza kupokea iris kubwa kutoka Uturuki na nchi jirani zake. Hizo zilikuwa na kromosomu 48, seti nne. Iris ndefu za leo karibu zote ni za damu hiyo: kila jeni ina nakala nne, na mmea hutoa nakala mbili kwenye chavua na mbili kwenye yai.

Usikariri fomula. Chukua maharagwe manne, mawili mekundu na mawili meupe, uyatie mfukoni. Mekundu ni jeni inayotawala, meupe ni inayojificha. Chota mawili bila kuangalia. Kuna jozi sita zinazowezekana: moja ni nyekundu mbili, nne ni mchanganyiko, moja ni nyeupe mbili. Basi mmea wenye nakala mbili na mbili hutoa "nyeupe tupu" mara moja kati ya sita. Ukiuchavusha kwa ndugu yake mwenye hali ileile, unahitaji nyeupe tupu pande zote mbili: moja ya sita mara moja ya sita, yaani mche mmoja kati ya 36. Si mmoja kati ya wanne.

Sasa rudi kwenye kile kitalu kilichong'olewa. Mzazi wa zambarau alikuwa na maharagwe mekundu manne, mwenye nukta alikuwa na meupe manne. Kila mtoto alipata mawili na mawili, na kwa kuwa nyekundu inatawala, wote wakatoka zambarau. Hakuna lililoharibika.

Ukimchavusha mtoto huyo kwa ndugu yake, utahitaji miche 106 hivi ili uwe na uhakika wa 95 kwa 100 wa kuona angalau mmoja wenye nukta. Ukimrudisha kwa mzazi mwenye nukta, ambaye siku zote hutoa nyeupe tupu, unahitaji moja ya sita ya upande mmoja tu: miche 17 inatosha kwa uhakika uleule. Mia moja na sita dhidi ya kumi na saba. Kwenye kiwanja kikubwa nje ya mji, upande wa barabara ya Kipushi, labda hii si hoja. Kwenye lupango ambamo iris zinashindana na mihogo, kamba ya nguo na baiskeli za watoto, ndiyo hoja yote. Kwa hiyo mzazi mwenye rangi inayojificha usimtupe wala kumgawa baada ya mzao wa kwanza. Ni yeye utakayemrudia.

Hatua ya tatu: jeni tatu za kuanzia

Wataalamu wana orodha ndefu zaidi. Kwa mwanzo hizi tatu zinatosha, na mbili kati yake ni za kujificha.

Ya kwanza huandikwa I, nayo ni jeni ya kuzuia. Inatawala. Ikiwapo, mmea hauweki antosianini kwenye petali hata kama una uwezo wa kuitengeneza. Haigusi manjano. Ndiyo maana manjano safi kabisa, isiyo na kivuli cha zambarau, mara nyingi imebeba jeni hii.

Ya pili ni ya plikata, na huandikwa pl kwa herufi ndogo kwa sababu hujificha. Mmea wenye pl nne huwa na petali nyeupe au za manjano, na zambarau husukumwa ukingoni ikawa nukta, vistari au mshono. Kuna ndugu zake kwenye nafasi hiyohiyo ya kromosomu: mmoja, glasiata, hufuta hata nukta zenyewe na kuacha ua safi. Faida kubwa kwa mkulima ni hii: plikata kwa plikata haitoi zambarau tupu. Ukichavusha mbili za namna hiyo, familia yote hubaki ndani ya nukta na jamaa zake, na unaweza kutumia nguvu zako zote kuchagua umbo, urefu wa shina na upana wa ukingo. Kama una nafasi ya miche 30 tu maishani mwako, ningekushauri uanze hapo.

Ya tatu ni t, nayo pia hujificha. Nne zikikutana, mmea hukusanya likopeni badala ya karotini ya manjano, na unapata waridi, chungwa, rangi ya salmoni. Waridi za kwanza zilizosifiwa zilitoka Marekani miaka ya 1940, nyingi mikononi mwa David Hall. Iris yake Cherie ilipewa medali ya Dykes, tuzo ya juu kabisa ya iris, mwaka 1951. Alama ya jeni hii haiko kwenye petali peke yake: angalia ndevu. Mmea wenye t nne huwa na ndevu za chungwa kali, hata petali zake zikiwa nyeupe. Basi iris nyeupe yenye ndevu za chungwa si nyeupe ya kawaida. Imebeba nusu ya safari ya kuelekea waridi. Wengi huipita bila kuitazama. Ukiona moja kwa jirani, hiyo ndiyo ya kuombea chavua.

Jihadhari usifuate mambo mawili yanayojificha kwa wakati mmoja. Tuseme unataka plikata yenye ukingo juu ya waridi, na una watoto wenye nakala mbili na mbili upande wa pl, mbili na mbili upande wa t. Ndugu kwa ndugu, ni 1 kati ya 36 mara 1 kati ya 36, yaani mche mmoja kati ya 1,296. Hata mtaa mzima hauwezi kuihudumia kazi hiyo. Kamilisha jambo moja, lishike, kisha ulete la pili.

Tukirudi kwenye nyeupe: kuna nyeupe ya I, ambayo zambarau imezuiwa, na kuna nyeupe za kujificha, glasiata mojawapo. Kwa macho hazitofautiani. Ichavushe kwa zambarau tupu ambayo wazazi wake walikuwa zambarau. Wengi wa watoto wakitoka weupe, ulikuwa na nyeupe inayozuia, yenye nakala kadhaa. Nusu weupe na nusu zambarau, inazuia kwa nakala moja. Wote zambarau, nyeupe yako ni ya kujificha. Nyeupe ya kuzuia ni mzazi mgumu kwa anayetafuta nukta, kwa sababu hufunika antosianini yote na hutajua ni nani amebeba pl chini yake. Mimi ningeiweka kando ya kazi ya plikata kabisa.

Hatua ya nne: chavusha

Kazi hii ni ya asubuhi, kabla nyuki hawajafika na kabla jua halijakausha ua.

Chagua ua la mama lililofunguka asubuhi hiyo. Ndani yake kuna mikono mitatu iliyopinda juu ya ndevu, kila mmoja ukifunika stameni moja, kile kijiti kinachobeba chavua. Toa stameni zote tatu kwa kibano kidogo cha nyusi. Kisha ng'oa zile petali tatu zilizoinama: nyuki hutua juu yake, na bila uwanja wa kutua hupita. Chini ya ncha ya kila mkono utaona mdomo mwembamba kama ukucha umejitokeza. Huo ndio unaopokea chavua. Sehemu nyingine haipokei. Chukua stameni ya baba iliyokwisha kupasuka na kutoa unga, uipake kwenye mdomo huo mpaka unga uonekane. Fanya kwenye midomo yote mitatu.

Baba na mama wasipochanua siku moja, kausha stameni za baba kivulini nusu siku, zifunge kwenye karatasi, tia karatasi kwenye kichupa chenye kifuniko na uweke kwenye frigo. Zitakaa siku kadhaa. Unyevu ndio adui mkubwa kuliko joto, kwa hiyo umeme ukikatika usikifungue kichupa.

Andika lebo papo hapo, si jioni. Jina la mama hutangulia, kisha alama ya ×, kisha baba, kisha tarehe. Wino wa biki hufutika kwa jua, penseli hudumu. Njia bora zaidi haina gharama: kata kopo la soda kuwa vipande virefu, andika kwa msumari ukikandamiza, toboa tundu na ufunge kwa waya chini ya ua. Mvua yote ya mwaka haitafuta maandishi hayo.

Ndani ya wiki mbili sehemu iliyo chini ya ua, mahali penye ovari, itaanza kuvimba ikiwa imeshika. Isiposhika hukauka na kuanguka, na mara nyingi sababu haijulikani. Jaribu ua lingine, au geuza, baba awe mama. Kwa hizi jeni tatu haibadilishi kitu nani ni mama.

Hatua ya tano: tunda, mbegu, baridi

Tunda huiva kwa wiki 8 hadi 10. Piga hesabu ya kalenda yetu: ukichavusha mwishoni mwa mwezi wa nane, litaiva mwisho wa mwezi wa kumi au mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, wakati mvua zinapochukua nafasi. Tunda linalopasuka huku mvua inanyesha hujaa ukungu au kumwaga mbegu kwenye matope. Kuanzia wiki ya nane liangalie kila siku, na likianza kugeuka kahawia na kufunguka nchani, likate. Ukiweza, livishe kipande cha chandarua cha zamani.

Mbegu za iris hazioti kwa haraka, kwa kuwa zina kitu cha kuzuia kuota na huamshwa na baridi yenye unyevu. Ziloweke siku chache, ukibadilisha maji kila siku. Kisha zichanganye na mchanga uliolowa kidogo, zitie kwenye mfuko wa plastiki na uweke chini kabisa ya frigo, si kwenye barafu, miezi miwili hadi mitatu. Baadaye panda kwenye vyungu vyenye udongo mwepesi, kina cha sentimita moja na nusu hivi. Zitaota bila mpangilio: baadhi baada ya wiki chache, nyingine mwaka unaofuata. Usimwage chungu kwa sababu msimu wa kwanza umetoa miche mitatu.

Miche ikifika kimo cha kiganja, ihamishie kwenye tuta, sentimita 25 au 30 kati ya mmoja na mwingine. Kuku ni wabaya kuliko magonjwa katika umri huu.

Hatua ya sita: soma familia, si ua moja

Ua la kwanza huja mwaka wa pili au wa tatu. Kabla hujachagua mrembo, hesabu wote, kwa sababu idadi inakuambia wazazi walikuwa na nini.

Tuseme ulichavusha zambarau ambayo hujui ukoo wake kwa plikata, ukapata miche 20. Karibu nusu wakiwa na nukta, yule zambarau alikuwa na pl tatu na Pl moja (Pl ya herufi kubwa ni nakala inayotawala, ile ya zambarau tupu). Watatu au wanne wakiwa na nukta, alikuwa na mbili na mbili. Asipotokea hata mmoja, alikuwa na Pl tatu au nne. Uwezekano kwamba alikuwa na mbili na mbili na bahati ikakunyima ni chini ya 3 kati ya 100. Hesabu hizi si sheria ya chuma, maana kromosomu hubadilishana vipande na idadi huteleza kidogo, lakini zinatosha kuamua utakachopanda mwaka unaofuata.

Katika hali hiyo ya mwisho kuna jambo zuri. Kama mzazi alikuwa na Pl tatu na pl moja, watoto wote ni zambarau, lakini nusu yao wana Pl moja tu. Huwezi kuwatambua kwa macho. Wachavushe wanne au watano kwa plikata, kila mmoja na lebo yake, upande miche 8 hivi kwa kila mmoja. Yule ambaye nusu ya watoto wake wametoka na nukta ndiye mwenye Pl moja; kuanzia hapo kila mche wa pili ni unaoutaka.

Halafu ndipo uchague, na hapo rangi isikulevye. Mmea wa rangi adimu unaooza kila msimu wa mvua utakufia kabla hujaugawa. Mimi hutazama tunguu kwanza: limepita mvua mbili bila kuoza? Linatoa machipukizi mangapi? Kisha shina: linasimama bila mti? Ndipo rangi. Wenye rangi ya kawaida lakini wamebeba jeni unayoitaka, weka wawili au watatu pembeni kwa ajili ya kurudishia; waliobaki wape watu, na uwaambie kweli kwamba ni miche isiyo na jina.

Hatua ya saba: kushika ulichopata

Mche uliochagua hauzai nakala yake kwa mbegu. Mbegu zake zitachanganya maharagwe upya. Nakala kamili hutoka kwenye tunguu tu: baada ya maua, wakati wa ukavu, likate kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, kila kipande kiwe na shada la majani na mizizi. Acha jeraha likauke kivulini siku mbili, paka majivu, kata majani yabaki nusu, kisha panda.

Ukitaka kuipa jina rasmi, iris za namna hii huandikishwa na American Iris Society, ambayo ndiyo yenye dhamana ya majina hayo duniani. Huhitaji kuwa Marekani. Unahitaji maelezo ya ua, urefu wa shina, na wazazi wake wawili, na ndiyo maana vile vipande vya kopo la soda havipaswi kupotea.

Kabla ya mvua, peleka kipande kimoja kwa mtu unayemwamini katika komini nyingine, kikiwa na lebo ya wazazi wote wawili. Tuta lako likifurika, utaenda kukiomba kwake.